Mtumiaji haombi alicho nacho: kisa cha Winamp

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta. Najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa habari, lakini naomba subira. Katika historia ya kidude hiki kuna somo kuhusu jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria, nalo ni kumwambia mwenye mali jinsi mali yake inavyoweza kuwa bora. Tunawaambia watu wa daladala, wa benki, wa serikali za mitaa. Mara nyingi hatusikilizwi. Je, tunaposikilizwa, mambo hunyooka? Kisa cha Winamp kinajibu swali hilo kwa namna ambayo sikuitegemea.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1997 kijana wa Kimarekani aitwaye Justin Frankel, mwenye umri wa miaka 18, aliyekuwa ameacha masomo Chuo Kikuu cha Utah, alitoa programu ndogo akishirikiana na mwenzake Dmitry Boldyrev. Wakati huo MP3 ilikuwa bado changa. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walikuwa wameamua kutumia jina la faili la ".mp3" Julai 1995, miaka miwili tu kabla. Kazi ngumu ya kuifungua faili na kuigeuza kuwa sauti, Frankel hakuianza yeye. Alitumia injini iitwayo AMP, iliyoandikwa na Tomislav Uzelac wa Croatia. Chukua Windows, ongeza AMP, unapata Winamp. Jina lenyewe linakiri deni.

Toleo la kwanza kabisa, la Aprili 1997, lilikuwa kituko. Halikuwa na kile kidirisha tunachokikumbuka. Lilikuwa na menyu tu, na uwezo wa kuburuta faili na kuidondosha ndani yake ipigwe. Basi. Ndani ya miezi michache vikaja vitufe vya kupiga na kusimamisha, kitelezi cha sauti, orodha ya nyimbo, na vile vijiti vya rangi vinavyoruka kufuata mdundo. Frankel aliomba dola 10 kwa anayeipenda, na asiyetaka kulipa aliitumia vilevile. Kampuni yake aliiita Nullsoft, jina la kuwatania Microsoft: wale wanasema "ndogo", huyu anasema "sifuri". Na ukishaiweka kwenye kompyuta, kitu cha kwanza kusikika kilikuwa sauti nzito ya mtangazaji ikijigamba kwamba Winamp inamchapa llama, yule mnyama wa Amerika Kusini. Utani huo walioutohoa kutoka kwa Wesley Willis, mwanamuziki wa Chicago, ulimfanya llama kuwa nembo ya programu.

Huku kwetu Winamp ilifika kwa njia ya vijana wa intaneti kafe na vibanda vya kuchoma CD. Nadhani wengi waliosoma sekondari au chuo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka ikiwa wazi kwenye kona ya kioo, kijani juu ya kijivu. Sababu ya kupendwa haikuwa fumbo. Ilikuwa nyepesi. Faili lake lilikuwa la megabaiti chache tu. Kabla ya nyaya za baharini kutufikia mwaka 2009, SEACOM ikitia nanga Dar es Salaam na Mombasa, kila megabaiti ilikuwa na bei yake. Modemu ya kilobiti 56 ikienda kwa kasi yake yote, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, ilihitaji karibu dakika tano kushusha megabaiti mbili. Na ikishashuka, iliwaka palepale hata kwenye kompyuta iliyochoka. Ungeweza kuandika barua huku muziki unapiga bila kompyuta kugoma.

Shika neno hilo, wepesi, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye maombi. Programu ikipata watu, watu hupata madai. Huyu anataka rangi nyingine. Yule anataka wimbo mmoja ufifie huku mwingine ukiingia, kama kwa DJ. Mwingine anataka ipige aina za faili ambazo hakuna mwingine mtaani anazo. Kwa timu ya watu wachache, orodha kama hiyo ni mzigo. Ukikubali yote, programu inavimba. Ukikataa yote, watu wanahama.

Nullsoft walipata njia ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowajenga. Mwaka 1998 waliifungulia Winamp milango. Waliwaachia watu wengine waandike vipande vya ziada, yaani programu-jalizi, ambavyo ukivichomeka ndani ya Winamp vinafanya kazi kama vilizaliwa humo. Mwaka huohuo, Septemba, lilitoka toleo la 2.0. Na kwa wasiojua kuandika programu, kulikuwa na zile sura za kubadilisha, ambazo wenyewe waliziita "ngozi". Sura hiyo ilikuwa furushi la picha tu. Kijana yeyote mwenye programu ya kuchorea aliweza kuivika Winamp mbao, chuma, au jezi ya timu yake.

Ona kilichotokea. Mtu aliyekuwa na ombi hakulazimika tena kuomba. Mwaka 2001 Ryan Geiss alitoa MilkDrop, programu-jalizi iliyojaza kioo kwa michoro inayocheza na muziki. Mwaka 2002 Richard Jones, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton kule Uingereza, alianzisha Audioscrobbler. Hiki kilikuwa kipande kidogo kilichoandika kila wimbo unaousikiliza na kupeleka orodha mtandaoni, ili baadaye upendekezewe nyimbo kwa kulinganishwa na watu wa ladha kama yako. Audioscrobbler iliungana na Last.fm mwaka 2005, na mwaka 2007 kampuni ya CBS iliinunua Last.fm kwa dola milioni 280. Fikiria sasa: kama Richard Jones angetuma barua pepe ya kuomba kitu hicho, ingejibiwaje? Wenye programu wangeona ni wazo la ajabu, tena la kuchungulia watu. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, hakuhitaji kibali cha mtu.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana kuna mfano mwingine mzuri zaidi wa namna ya kuboresha, na unatuhusu sisi moja kwa moja.

MP3 ya mwanzo haikuwa na mahali pa kuandika jina la mwimbaji. Ilikuwa sauti tupu, na jina pekee lilikuwa lile la faili. Mwaka 1996 mtu aitwaye Eric Kemp alibuni lebo ya kuibandika mwishoni mwa faili, iitwayo ID3. Ilikuwa ya baiti 128 kamili. Hesabu yake ni hii: herufi 3 za kuitambulisha, 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Jumlisha, utapata 128.

Watu walipoanza kuitumia wakagundua upungufu: hakuna mahali pa namba ya wimbo katika albamu. Wimbo wa saba unapigwa kabla ya wa pili. Mwaka 1997 Michael Mutschler akapendekeza suluhisho ambalo mimi nalipenda mno. Hakusema lebo ivunjwe iandikwe upya. Alisema maelezo yapunguzwe kutoka herufi 30 hadi 28, kisha baiti ya 29 iwe sifuri, na ya 30 ibebe namba ya wimbo. Programu mpya zitaiona namba. Programu za zamani zikisoma maelezo zitafika kwenye sifuri na kusimama, kana kwamba hakuna kilichoongezwa. Hakuna faili lililoharibika na hakuna programu iliyolazimika kubadilishwa. Aliongeza chumba bila kubomoa ukuta.

Lakini lebo hiyohiyo ina kasoro nyingine, na hiyo haikurekebishwa kwa wepesi huo, kwa sababu walioumia hawakuwepo mezani. Ile baiti moja ya aina ya muziki ilikuwa namba tu, na kila namba ilimaanisha aina moja katika orodha iliyopangwa tangu mwanzo. Orodha ilikuwa na aina 80. Namba 0 ni Blues, 16 ni Reggae, 75 ni Polka. Muziki wa mataifa mengine ulisukumwa kwenye makapu mawili, "Ethnic" na "Tribal", yaani wa kikabila na wa kikabila tena. Winamp waliirefusha orodha. Samba ikaingia, tango ikaingia, hata punk ya Kipolandi ikapewa namba yake. Kufikia mwaka 2010 aina zilikuwa 192. Taarab haimo. Bongo Fleva haimo. Mchiriku ndio usiseme.

Taarab, jamani! Muziki ambao Siti binti Saad aliurekodi kwenye santuri kule Bombay tangu 1928, karibu miaka 70 kabla ya lebo hiyo kubuniwa. Na kwa vile Blues ndiyo namba sifuri, programu iliyoacha sifuri mahali pale iliugeuza wimbo wowote kuwa Blues. Fungua folda yako ya zamani uone. Usishangae kukuta mwambao mtupu umeandikishwa kuwa muziki wa watu weusi wa Mississippi.

Hata zile herufi 30 zilikuwa na mwenyewe. Andika "Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila" kisha uhesabu, na nafasi zilizo kati ya maneno uzihesabu pia. Herufi ya 30 ni ile r ya mwisho ya "Super". Matimila yote inabaki nje. Bendi nzima imekatwa jina si kwa chuki ya mtu, bali kwa sababu aliyepima nafasi alipima kwa majina aliyoyazoea yeye. Lebo ya pili, ID3v2, iliyokuja mwaka 1998, iliruhusu majina marefu na kuandika aina ya muziki kwa maneno yako mwenyewe. Tatizo ni kwamba faili zilizokwisha kusambaa zilibaki zilivyo, na menyu za kuchagulia aina za muziki ziliendelea kuonyesha orodha ileile. Mtu mvivu huchagua kilichopo mbele yake, na sote ni wavivu mbele ya menyu.

Haya, turudi barabarani.

Juni 1999 kampuni kubwa ya AOL iliinunua Nullsoft pamoja na kampuni nyingine ya muziki wa mtandaoni, Spinner, kwa hisa zenye thamani ya karibu dola milioni 400 kwa jumla. Frankel alikuwa na miaka 20. Ndoa haikuwa ya amani. Machi 2000 yeye na mwenzake Tom Pepper walitoa Gnutella, programu ya kubadilishana faili bila kituo kikuu, na AOL wakaiondoa mtandaoni kesho yake. Tusihukumu nani alikuwa na haki. Kwa kisa chetu, jambo kubwa ni kwamba kuanzia hapo Winamp ilikuwa na mabwana wawili, watumiaji na wenye hisa.

Agosti 2002 ikatoka Winamp3. Hii haikuwa marekebisho ya 2.0, ilikuwa nyumba mpya iliyojengwa kuanzia msingi. Na ukitazama iliyoyaleta, utasema hawa watu walisikiliza. Watu walitaka sura zisizofungwa kwenye mstatili, wakapewa sura za umbo lolote. Diski zilikuwa zimeongezeka na nyimbo zimekuwa maelfu, watu wakihitaji maktaba ya kuzipanga kwa mwimbaji na albamu, wakapewa. Waandishi wa sura walitaka nguvu zaidi, wakapewa lugha nzima ya kuandikia.

Watu wakaikataa.

Ilikuwa nzito. Ilichelewa kuwaka, ikala kumbukumbu ya kompyuta, ikajikwaa. Zaidi ya hapo, programu-jalizi na sura za Winamp 2 hazikufanya kazi humo. Kazi za miaka minne za watu waliojitolea bure zikawa hazina mahali pa kuchomekwa. Watumiaji wengi walirudi kwenye toleo la 2, na Nullsoft wenyewe wakajikuta wanaendelea kulihudumia lile la zamani sambamba na jipya.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Kwa nini programu iliyotimiza maombi ya watu ikakataliwa na watu haohao? Jibu langu ni hili: mtumiaji haombi alicho nacho. Hakuna aliyeandika barua kusema "tafadhali Winamp iendelee kuwa nyepesi" au "tafadhali programu-jalizi zangu zisife". Kwa nini aandike? Alikuwa navyo tayari. Orodha ya maombi inaonyesha kinachokosekana tu. Haionyeshi kinachopendwa. Ukijenga kwa kufuata orodha hiyo peke yake unaweza kuwapa watu kila walichokitaja na kuwanyang'anya kile kilichowaleta kwako. Ni sawa na mama ntilie aliyeombwa na wateja viti vizuri, feni na televisheni. Akavinunua vyote, kisha bei ya chakula ikapanda mara mbili. Hakuna aliyemwomba asipandishe bei, maana bei nafuu ndiyo iliyokuwa imewakalisha pale.

Nullsoft walielewa, na hilo lazima tuwape. Mwaka 2003 walilirudia toleo la 2 wakaliongezea maktaba ya nyimbo taratibu, na Desemba mwaka huo wakatoa Winamp 5. Kwa nini waliruka namba 4? Wenyewe walitania kwamba ni hesabu ya darasa la kwanza: 2 kujumlisha 3. Uti wa mgongo ulikuwa wa toleo la 2. Sura za kisasa za Winamp3 zilikuwemo kwa anayezitaka, na asiyezitaka alibaki na kile kidirisha chake cha kijivu na programu-jalizi zake. Mzee na kijana katika nyumba moja. Mwanzoni mwa 2004 Frankel akaondoka AOL. Baadaye alitengeneza REAPER, programu ya kurekodia muziki ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2006.

Usidhani Nullsoft walikuwa peke yao. Apple walinunua programu iitwayo SoundJam MP mwaka 2000, na Januari 2001 wakaitoa ikiwa na jina la iTunes. Ilikuwa safi na rahisi. Kisha likaongezwa duka la muziki, video, podikasti, simu, na programu za simu. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake, lakini zote kwa pamoja zilizaa mzigo. Ilipofika 2019 Apple wenyewe walitania jukwaani kuhusu unene wake kabla ya kutangaza kwamba kwenye kompyuta za Mac itagawanywa mara tatu: muziki, televisheni na podikasti.

Upande wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadili, kisa kilijirudia lakini mwisho wake ukawa tofauti. Watumiaji wa Linux walikuwa na XMMS, iliyofanana na Winamp kama pacha na iliyoweza hata kuvaa sura zake. Mjerumani Mark Kretschmann aliona kuongeza nyimbo kwenye orodha ya XMMS ni usumbufu. Malalamiko yake yakazaa programu mpya, Amarok, iliyoanza kutoka 2003, yenye pande mbili: faili huku, orodha kule. Toleo la 1.4 lilipendwa sana. Desemba 2008 ikaja Amarok 2, iliyoandikwa upya, ya kisasa zaidi, na ikakosa baadhi ya mambo ambayo watu walikuwa nayo. Unaona jinsi inavyofanana na Winamp3?

Tofauti ni hii. Waliochukizwa na Amarok 2 hawakuhitaji kumlilia mtu. Walichukua msimbo wa 1.4, ambao leseni yake iliruhusu, wakatengeneza Clementine, iliyoanza kutoka 2010. Clementine ilipopunguza mwendo, wengine wakachukua msimbo wake wakatengeneza Strawberry mwaka 2018. Ombi lisilosikilizwa liligeuka kuwa programu, na baadaye likageuka tena.

Linganisha na yaliyoikuta Winamp. Novemba 2013 AOL walitangaza kwamba Winamp itafungwa tarehe 20 Desemba. Watu wakafanya walichoweza: wakakusanya saini mtandaoni, wakiomba isiuawe, au basi msimbo wake uachiwe umma. Januari 2014 ikanunuliwa na Radionomy ya Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa kimya kikatawala. Septemba 2024 wamiliki wake hatimaye waliuweka msimbo hadharani. Shangwe! Kisha watu wakaisoma leseni. Unaruhusiwa kuutazama, unaruhusiwa kuwaletea wenyewe marekebisho, lakini hauruhusiwi kusambaza Winamp uliyoirekebisha wewe. Wajuzi walipochimba humo wakakuta pia vipande vya msimbo wa kampuni nyingine. Mwezi uliofuata, Oktoba, ukaondolewa. Miaka 11 ya kuomba ikaishia na mlango uliofunguliwa kwa wiki chache, tena nusu.

Sasa utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi ambao muziki tunausikiliza kwenye simu kwa kulipia bando?

Yanatuhusu hivi. Muziki mwingi wa nyumbani wa miaka ya 1990 na 2000 haukutoka kwenye santuri za makampuni makubwa. Ulitoka kwenye kanda, ukahamishiwa CD, ukavunjwa kuwa MP3 kwenye vibanda na intaneti kafe, na kusambaa kwa mikono. Sehemu yake imepandishwa kwenye huduma za leo. Sehemu nyingine iko kwenye diski za watu, katika folda ziitwazo "Mpya" na "Mpya 2", zikiwa na lebo za Blues na majina yaliyokatwa. Diski hufa. Na huduma ya kukodi muziki haina folda yako. Haina kitufe cha kurekebisha jina la mwimbaji likikosewa, haina mahali pa kuchomeka programu-jalizi. Wimbo ukiondolewa usiku, asubuhi haupo. Kwa hiyo programu inayopiga faili zilizo mkononi mwako, na inayokuruhusu kuziandikia kwa usahihi, ni chombo cha kuhifadhi kumbukumbu, hata kama wengi huiona kama kitu cha kizamani tu.

Na programu hizo zipo. Foobar2000 ilianzishwa mwaka 2002 na Peter Pawlowski, aliyewahi kuwafanyia kazi Nullsoft, na tangu mwanzo ilikuwa nyepesi na ya kuongezewa vipande. VLC ya Ufaransa ni huria. Strawberry nayo ni huria. Watengenezaji wake hupokea mapendekezo. Je, yapi yametoka kwetu?

Nikijumlisha historia yote hii, napata mambo manne kwa anayetaka kupendekeza.

Kwanza, eleza kazi unayoifanya, usiishie kutaja kitufe unachokitaka. "Nina nyimbo 3,000 za taarab, na nyingi zina waimbaji watatu kwa wimbo mmoja" inamsaidia mtengenezaji kuliko "ongeza sehemu ya waimbaji". Huenda akaona njia ambayo wewe hukuiona.

Pili, taja usichotaka kiguswe. Hili ndilo lililowakosa watumiaji wa Winamp mwaka 2002. Ukiandika mapendekezo matano, andika na mambo mawili unayoyapenda na sababu zake. Sema kwamba inawaka haraka kwenye kompyuta yako ya zamani, na kwamba ndiyo maana uko nayo. Shukrani ya namna hiyo ni taarifa ya kiufundi.

Tatu, omba mlango kabla ya kuomba chumba. Menyu ya aina za muziki ikiwa faili la kawaida ambalo mtu wa Tanga anaweza kulijaza mwenyewe, hatutahitaji kumwomba mtu wa Stockholm aiweke taarab, halafu mwaka ujao singeli, halafu kitakachokuja.

Nne, soma leseni. Ndiyo, inachosha. Lakini ndiyo inayoamua kama siku mwenye mali akichoka utakuwa mrithi au mpiga kelele nje ya geti.

Nilianza kwa kuuliza kama mambo hunyooka tunaposikilizwa. Winamp3 inaonyesha kwamba kusikilizwa peke yake hakutoshi. Na lebo ya ID3 inaonyesha gharama ya kukaa kimya: kipimo cha majina yetu kitawekwa na mtu asiyewahi kuyasikia, bila ubaya wowote moyoni, na tutaishi nacho kwa miaka 30. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, walitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuandika barua ya kuomba Kiswahili. Waliikuta programu iko wazi, wakakaa chini wakafasiri.

Wikiendi hii, ukipata muda, fungua ile folda. Chagua wimbo mmoja tu uliokatwa jina, uuandikie jina lake lote. Halafu niambie programu unayoitumia ilikurahisishia kazi hiyo, au ilikukwamisha wapi. Mimi ningependa kujua, na nadhani watengenezaji wake pia wangependa.